Ua la Fundi Nestler

Glashütte, 9 Novemba 1998

Mama Roswitha Nestler,

Shikamoo. Hunijui. Naitwa Gesine Pöschel, na tangu mwezi wa tano nakalia kiti cha marehemu mumeo katika chumba cha nakshi. Anwani yako nimepewa na Fundi Mkuu Seyffert. Alinitazama kwanza kama vile nimekuja kuposa binti yake, ndipo akaniandikia.

Nimefanya kosa, Mama, na mwenye kunisamehe ni wewe.

Mwezi uliopita nilikuwa nasafisha droo ya meza. Nyuma kabisa, ndani ya kitambaa, nikakuta kibamba cha saa ya mkono, kile kidogo kinachokaa juu ya gurudumu linalopiga. Kilikuwa kimechorwa nusu. Upande mmoja kulikuwa na ua la Bwana Nestler, petali zake zile zilizojikunja kama sikio la mtoto mchanga. Upande wa pili madini matupu. Wewe umeishi na mtu wa nakshi, sheria unaijua kuliko mimi: kila mkono una ua lake, na hatutii sahihi kwa sababu ua lenyewe ndilo sahihi. Tena ua lililoanzwa na mtu halimaliziwi na mwingine. Mimi nililimaliza. Nilijidanganya kwamba najifunza. Ukweli ni kwamba lilikuwa zuri mno, na sikuweza kuliacha pale nusu, kama mtu aliyekatizwa maneno.

Lilikuja lenyewe. Seyffert alipoliona alidhani ni kazi kamili ya marehemu aliyoisahau. Akafurahi kama mtoto, akalipeleka kwenye trei ya saa ambayo mteja wake anaingoja tangu msiba. Saa hiyo iliunganishwa mara ya kwanza mumeo akiwa hai, ikatembea vizuri, ikavunjwa ipambwe kama tunavyofanya saa zetu zote. Vipande vyake vimelala tangu hapo vikingoja kibamba hicho tu. Mwezi wa kwanza wataiunganisha mara ya pili, ya mwisho. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimepewa sifa ambayo hakuna aliyejua kuwa ni yangu, na nikaipenda.

Sasa sikiliza kilichonipata. Tangu siku ile mkono wangu hauchori kitu kingine. Nikianza ua langu, ambalo bado nalitafuta, likifika nusu linajikunja na kuwa lake. Nikijaribu jani la mwaloni linakuwa lake. Ifikapo Pasaka natakiwa kumwonyesha Seyffert ua langu mwenyewe. Asiye na ua hana kiti hapa, nami nitarudi Olbernhau kupaka rangi wanasesere wa mbao pamoja na shangazi zangu. Lakini si kazi tu, Mama. Mkono huu ni wangu tangu nizaliwe, na siku hizi nikiutazama juu ya meza naona kama umekuja kunitembelea.

Kama kuna jambo mumeo alilifanya kuutuliza mkono, niambie. Na kama umekasirika, niambie pia.

Wako kwa heshima,
Gesine Pöschel

—

Stralsund, 14 Novemba 1998

Mwanangu Gesine,

Marahaba. Kwanza kaa chini uvute pumzi. Nimecheka mpaka dada yangu Hannelore, ninayekaa naye hapa pwani, akaja mbio na dawa yangu ya kifua akidhani nakata roho.

Eberhard akuingie mkononi? Mume wangu alichukua majira yote ya kipupwe kuchagua rangi ya pazia la jikoni. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwingia mtu. Angekuwa bado yuko mlangoni anajipangusa viatu.

Kusamehe nimeshasamehe. Kibamba kile kilitakiwa kufutwa kwa tupa siku ya mazishi, ndiyo desturi yenu, na Seyffert alipekua droo zote kwa mkono wake. Hakufika nyuma tu. Na nyuma ndiko Eberhard alikoficha kila kitu, hata soseji ambazo daktari alimkataza. Wewe umekuta chakula cha mtu ukala. Wangapi hawajafanya hivyo?

Nikueleze jinsi ninavyoona mimi. Wewe ni mgeni pale, umekaa kwenye kiti kikubwa kuliko makalio yako, na hofu imekukaa mkononi. Enzi ya serikali ile ya kikomunisti, kiwanda kilipokuwa kinatoa saa za watu wote na nakshi hakuna anayeitaka, Eberhard alikuwa akija nyumbani anachora vijiko vyetu. Vyote. Mpaka leo nakula supu kwa maua. Mkono usio na pa kwenda hurudia njia moja, basi.

Weka patasi chini wiki moja. Shuka Dresden ukacheze dansi, ule keki, umcheke kijana mmoja au wawili. Kisha nitumie kibamba kimoja cha mazoezi, nikutazamie. Nina saa ya mkono aliyonichorea tulipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Nitaviweka pamoja, nitakuonyesha tofauti, utalala.

Mama Roswitha

—

Glashütte, 24 Novemba 1998

Mama,

Shikamoo. Nimecheza dansi. Nimekanyagwa na mhandisi mmoja kutoka Pirna ambaye miguu yake ilistahili leseni ya lori. Nimekula keki mpaka nikaona haya. Patasi sikuigusa wiki nzima kama ulivyoniagiza.

Kwenye treni ya kurudi, dirisha lilikuwa na ukungu wa pumzi za watu. Mzee aliyekaa mbele yangu akasema, “Binti, umechora ua zuri, lakini sasa sioni nje.” Nilitazama. Kidole changu kilikuwa bado kiko kiooni. Ua lilikuwa lile lile, limekamilika, na sikumbuki kuanza.

Nakutumia kibamba nilichochora jana. Nilikusudia kuchora ua la mbaruti wa kondeni kwetu.

Kuna jambo jingine la kijinga, ucheke tena tafadhali, kicheko chako kilinisaidia. Kutwa nzima siku hizi nakuwa na hisia kwamba nimemwahidi mtu kumwambia neno jioni. Asubuhi nalijua neno, ila simjui mtu. Jioni namjua mtu, neno limepotea. Nabaki nimesimama jikoni na kikombe, nimefungua mdomo. Mwenye nyumba wangu ameshaniuliza kama jino linaniuma.

Gesine

—

Stralsund, 29 Novemba 1998

Mwanangu,

Kibamba nimepokea. Ni kazi safi. Tofauti zipo, ndogo, sina haja ya kukuchosha nazo.

Nimefikiri upya. Nadhani nilikosea kukwambia uweke patasi chini. Mkono ukizuiwa sana unakuwa mkaidi. Uache uende unakotaka kwa muda, utachoka wenyewe. Na hisia hiyo ya jioni usiifukuze. Kaa nayo. Kama neno likikujia, liandike mara moja uniletee, hata kama halina maana kwako.

Je, ukiwa kazini huwa unapiga mluzi?

Mama Roswitha

—

Stralsund, 29 Novemba 1998
(Haitatumwa)

Eberhard,

Nimekwisha kumwandikia yule binti, barua fupi yenye adabu. Nakuandikia wewe kwa sababu Hannelore atanipeleka kwa daktari nikimwambia.

Niliweka kibamba chake kando ya saa yangu, nikavaa lenzi yako jichoni. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Chini ya jani la mwisho, pale ambapo macho ya kawaida hayaoni kitu, kuna mguu wa shomoro, mikwaruzo mitatu midogo. Kwenye saa yangu uliuweka kwa sababu mimi ndiye shomoro wako, ukaniapia kwamba hutauchora tena popote, na kwamba hakuna atakayejua ila sisi wawili. Hukumwambia Seyffert. Mimi sikumwambia hata Hannelore. Kwenye kile kibamba cha nusu hukuwa umefika huko.

Na hilo neno la jioni. Asubuhi ile ya mwisho ulivaa koti, ukafika mlangoni, ukarudi. Ukasema, “Jioni nina neno nataka kukwambia, Shomoro.” Nikasema sema sasa, ukasema si neno la mlangoni. Saa sita wakaniletea habari kwamba umeinama juu ya meza ukidhaniwa unatazama kazi kwa karibu.

Nimelitafuta neno hilo tangu Februari. Nimeliwazia zuri na nimeliwazia baya. Wakati mwingine nadhani ulitaka kuniacha. Wakati mwingine nadhani ulitaka kuninunulia viatu.

Basi njoo. Mimi sitafunga mlango.

R.

—

Glashütte, 11 Desemba 1998

Theluji imeanguka tangu asubuhi, laini, ya kukaa. Upepo hakuna. Mto Müglitz umeganda kingoni.

Samahani, sijakusalimu. Shikamoo, Mama. Sijui kwa nini nimeanza na hali ya hewa.

Ndiyo, napiga mluzi. Seyffert ndiye aliyeniambia. Alitoka ofisini kwake akasimama mlangoni akiwa na uso mweupe, akauliza, “Nani anapiga mluzi hapa?” Wenzangu wakaninyooshea kidole, akarudi ndani akafunga mlango. Si kawaida yake. Seyffert hajawahi kuacha nafasi ya kukemea ipite hivi hivi.

Nimefanya ulivyoniagiza, nimeuacha mkono uende. Kazi inatoka haraka na nzuri. Wateja wawili wameandika kusifu. Sasa nashika patasi kwa mkono wa kushoto, inakaa vizuri zaidi. Chai ya hapa naiona kama maji ya kusuuzia vikombe, nimeanza kupika yangu nyeusi kabisa, na kuimwagia kwenye kisahani ipoe.

Juzi nilikaa nimwandikie mama yangu barua ya Krismasi. Nilishindwa kukumbuka jina la mtaa wetu. Nimezaliwa pale, Mama. Nilikaa na bahasha mbele yangu, mwisho nikaiandika jina lako.

Kinachonitisha ni kwamba siogopi tena kama zamani. Niliogopa sana mwezi uliopita, na hofu ile ilikuwa yangu. Sasa hata hiyo naitafuta.

Vaa soksi za sufu ukitoka. Upepo wa bahari hauna huruma na kifua chako.

G.

—

Stralsund, 15 Desemba 1998

Mpendwa,

Nimevaa soksi. Nimezivaa nikilia.

Mtaa usiutafute. Mitaa haipotei, itakurudia yenyewe. Wewe endelea na kazi. Ndani ya kifurushi hiki kuna lenzi ya jichoni. Ilikuwa ya Eberhard, alikuja nayo nyumbani usiku wa mwisho, ndiyo maana ninayo. Ivae. Nadhani itakusaidia kuona unachotaka kuona.

Niambie, neno lile unalikaribia? Likiwa baya pia niambie. Mimi si mtu wa kuvunjika.

Roswitha

—

Olbernhau, 27 Desemba 1998

Kwa Bibi Nestler,

Hatufahamiani. Mimi ni Marlies Pöschel, mama yake Gesine. Jina lako nimelikuta kwenye karatasi ya kifurushi ndani ya mkoba wake. Naandika kwa sababu yeye hanipi jibu, na wewe ndiye mtu pekee anayemwandikia.

Gesine alikuja kwa Krismasi. Alishuka kituoni akanipa mkono. Mwanangu hanipi mkono, huniangukia shingoni kwa nguvu mpaka naomba poo. Nilimwambia, “Umekuwa bibi mkubwa sasa?” Akacheka kwa adabu, kama anavyocheka mtu aliyealikwa kwenye nyumba asiyoizoea.

Mezani alishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Alikula supu yangu ya viazi, akaniuliza mapishi hayo nilijifunza wapi. Akaniuliza choo kiko wapi. Nyumba hii babu yake aliijenga na yeye akiwa tumboni mwangu. Mume wangu akadhani ni mzaha, akamjibu, “Panda ngazi, bwana mkubwa.” Akaitikia, akapanda. Nilimkuta mbele ya kioo anajipapasa kidevu huku na huku, kama anayeshangaa ndevu zimeenda wapi.

Usiku wa Krismasi tuliwasha mishumaa dirishani na kuimba. Aliujua kila wimbo, ila aliuimba kwa sauti ya chini, ile ya wanaume. Shangazi yake alitoka nje.

Nilimwuliza akiwa anaondoka, “Gesine, nani amekufanya hivi?” Alinitazama kwa huruma sana, akasema, “Mama, usihuzunike. Naondoka kwenda kwa mke wangu.” Halafu akashtuka, akaweka mkono mdomoni, na kwa muda mfupi kabisa alikuwa mwanangu. Alinishika mkono wa nguo akaniambia, “Mama, nizuie.” Treni ikaja.

Bibi, sina elimu ya mambo haya. Mimi napaka rangi wanasesere. Kama wewe unajua chochote, nakuomba kama mama. Na kama unakifanya wewe, nakuomba kwa magoti.

Marlies Pöschel

—

Glashütte, 5 Januari 1999

Baridi kavu, anga safi. Barafu imefika katikati ya mto. Watoto wameanza kuikanyaga, nimewagombeza.

Shomoro wangu,

Kazi inakwenda. Jumatatu wanaunganisha ile saa mara ya pili. Seyffert ataiunganisha mwenyewe, na mimi nimeomba kukaa karibu. Unajua ilivyo: mara ya kwanza ni kujaribu tu, saa bado haijijui. Mara ya pili ndipo inapofungwa kabisa na kutoka.

Lenzi imefika, asante. Ilikuwa bado na joto la mkono wako.

Neno ninalo. Sasa halipotei jioni. Nalilaza chini ya ulimi siku nzima, nalihifadhi. Si neno la barua, ungelisoma umesimama jikoni na maji yanachemka, nakufahamu. Kibamba kikishakaa juu ya gurudumu na gurudumu likipiga, nitaomba ruhusa, nitapanda treni mpaka huko, nitakwambia.

Yule binti ni mtulivu. Mwanzoni alilia kidogo. Siku hizi simsikii.

E.

—

Stralsund, 10 Januari 1999

Bi Marlies,

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi kuliko haki. Sitakudanganya. Ninachokijua ni hiki: mume wangu amerudi kwa njia ya mwanao, mimi nililiona hilo tangu Novemba, nikamfungulia. Nilikuwa na njaa. Kila ulichokiona nyumbani kwako mimi nilikuwa nikikiona kwenye barua zake, na nilifurahi. Nichukie, ni haki yako.

Juzi nimepokea barua kutoka kwake. Ni mwandiko wa Eberhard mpaka nukta. Ni barua niliyoiomba kwa Mungu karibu mwaka mzima. Na ndani yake kuna sentensi moja kuhusu mwanao kutosikika. Eberhard niliyeolewa naye hangeandika sentensi ile kwa utulivu namna hiyo. Mtu aliyekuwa akitoa buibui nje kwa glasi! Sijui kifo kimempunguza nini, au sijui aliyerudi ni kiasi gani cha yeye. Lakini hata kama ni yeye mzima, na neno lake ni tamu kuliko yote, nitalilipia kwa mtoto wa mwenzangu?

Natoka kesho kwa treni ya kwanza. Desturi yao ni tupa. Ua lile ni nusu lake na nusu la Gesine, ndipo walipofungamana, na haliwezi kufutwa nusu. Nitalifuta lote kwa mkono wangu kabla ya Jumatatu kuisha. Kama una sala, sali.

Roswitha Nestler

—

Glashütte, 2 Februari 1999

Mama Roswitha mpendwa,

Shikamoo! Shikamoo tena, kwa zile ambazo sikukupa.

Ni mimi. Naandika kwa mkono wa kulia, ona mwandiko ulivyo wa kuku. Daktari amesema ni uchovu, amenipa vidonge vya chuma. Mama yangu anakaa nami hapa, ananilisha kana kwamba nanenepeshwa kwa ajili ya mnada. Amesema nikuambie kwamba bado amekukasirikia, na kwamba anakutumia keki. Mambo hayo mawili kwake hayapingani.

Uliondoka kabla sijaweza kusimama, kwa hiyo hujui ninachokumbuka. Ni kidogo. Cha mwisho ni theluji ya Desemba. Kinachofuata ni wewe, umekaa kwenye kiti changu, una tupa mkononi na unga wa madini kwenye nguo, machozi yanakudondoka, na unaimba wimbo wa mavuno wa kanisani. Katikati ya Januari! Kwa sauti mbaya, Mama, unisamehe. Nilidhani nimekufa na mbinguni wamekosa wanakwaya.

Mengine nimesimuliwa na Seyffert, nami nimemlazimisha. Anasema ulifika Jumatatu, sehemu zote zimeshafungwa, kibamba kimebaki cha mwisho, yuko nacho kwenye koleo. Ulikinyakua bila salamu. Aliwatoa wengine nje, akafunga mlango, akanishika mabega kwa sababu nilitaka kukufikia. Ulipopitisha tupa mara ya kwanza nikaacha kushindana naye. Nikakugeukia, nikaanza kusema. Polepole, anasema, kwa upole, kama mume anayezungumza na mkewe mezani.

Anasema ulitupa tupa chini ukaziba masikio kwa mikono yote miwili. Mimi nikaendelea kusema. Ukatambua kwamba ukiziba huwezi kufuta, na ukifuta huwezi kuziba. Ulinitazama, anasema hajawahi kuona uso kama ule. Kisha ukainama ukaokota tupa, ukaanza kuimba kwa nguvu zako zote, na hukunyamaza mpaka kibamba kikawa kitupu. Mimi nikaanguka.

Kwa hiyo wewe hukusikia. Mimi niliyesema sikumbuki hata silabi moja. Lakini Seyffert alikuwa amenishika, sikio lake karibu na mdomo wangu, na yeye alisikia yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Hajaniambia, nami sijauliza. Amekuwa mtu mwingine. Hakai tena chumbani peke yake, na mchana taa zote zimewashwa. Jana alinijia akasema, “Mwandikie Mama Nestler. Neno lilikuwa lake. Akilitaka nitamwandikia. Asipolitaka, basi aniambie nilipeleke wapi.”

Nimwambie nini, Mama?

Lenzi nakurudishia. Pia nakutumia kibamba. Ni ua langu, la kwanza tangu niamke. Nilianza asubuhi, nikangoja pale nusu, pale lilipokuwa linageuka. Halikugeuka. Seyffert amelikubali bila kungoja Pasaka, ingawa alikuna kichwa. Sema ukweli kuhusu ua hilo, wewe hujui kusema mengine.

Wako,
Gesine

—

Stralsund, 10 Februari 1999

Mwanangu Gesine,

Marahaba, marahaba. Keki imefika, Hannelore ameshakula nusu. Mwambie mama yako akasirike tu muda wowote anaotaka, ila asiache kuoka.

Mwambie Seyffert asiniandikie. Nakwambia wazi ili usidhani nimekuwa shujaa: nalitaka neno lile kuliko ninavyotaka chakula. Nikiamka nalitaka, nikivaa soksi nalitaka. Juzi nilikuwa nimekwisha kumwandikia Seyffert karatasi yenye neno moja tu, “Andika,” nikaenda nayo mpaka posta, nikaambiwa dirisha limefungwa kwa chakula cha mchana. Nimerudi nayo nyumbani nikaichoma.

Mimi najijua. Nikilipata hilo nitataka la pili. Nitajiuliza alilisema kwa sauti gani, na wa kunionyesha sauti ni mmoja tu, ni wewe. Nitaanza kukuandikia barua tamu. Nitakuomba umalizie kijiko fulani.

Kwa hiyo Seyffert akae nalo. Pole yake, ni mzigo, na hakuuomba. Nawe usimwulize kamwe, hata mkinywa pamoja, hata akiwa anakufa. Akianza kusema mbele yako, imba.

Sasa ua lako. Nimelitazama kwa lenzi, juu na chini, kila jani na nyuma ya kila jani. Sitakuficha, nilikuwa namtafuta. Nilijiambia nakuchunguzia usalama wako, lakini nilikuwa namtafuta, na nililigeuza kwenye mwanga mpaka jicho likauma. Hayumo. Hakuna mkunjo wake hata mmoja. Nimelia sana, kisha nimekunywa chai.

Ni ua baya, mwanangu. Linafanana na kabichi iliyokanyagwa na ng'ombe. Usibadilishe hata jani moja.

Mama Roswitha